Kilwa Kisiwani: Mji wa Masultani Ulio Mwendo wa Basi Kutoka Kibiti

Jamani watu wa Kibiti, Bungu, Ikwiriri na Nyamisati, nendeni Kilwa Kisiwani! Nimefika huko kwa mara ya kwanza, nimerudi, na sina habari nyingine mdomoni. Ule mji ambao watoto wetu wanaukariri darasani, Kilwa na Sofala, dhahabu na pembe za ndovu, utadhani wanasimuliwa habari za ng'ambo, kumbe upo kusini mwetu tu, kwenye barabara hii hii inayopita stendi ya Kibiti. Ukiondoka alfajiri, mchana umeshafika Kilwa Masoko na kisiwa unakiona kwa macho upande wa pili wa mkondo. Nilitarajia mawe. Nimekuta mji! Una msikiti wenye nguzo safu kwa safu, una ikulu juu ya jabali yenye bwawa la kuogelea la pembe nane, una ngome iliyoanzishwa na Wareno, una makaburi ya masultani, na una wenyeji wanaoishi katikati ya hayo yote, wanavua, wanalima, wanaswali.

Wengi wetu tukiota safari ya kuona mji wa kale, ndoto inakwenda Ulaya. Ureno, kwa mfano: Évora na kuta zake, Óbidos na ngome yake, Lisbon na makanisa yake. Ni miji ya kupendeza, na mwenye uwezo aende. Ila sikilizeni kisa hiki. Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, aliingia bandari ya Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamtisha Amir Ibrahim aliyekuwa akitawala mpaka akakubali kumlipa mfalme wa Ureno kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ikapelekwa Lisbon. Mfalme Manuel wa Kwanza akaagiza itengenezewe monstransi, kile chombo cha kuwekea Ekaristi, na sonara Gil Vicente akaikamilisha mwaka 1506. Inaitwa Custódia de Belém, na mpaka leo imo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale mjini Lisbon, moja ya hazina kubwa za nchi ile. Yaani mtu anakata tiketi ya ndege, anavuka mabara, anasimama mbele ya kioo na kushangaa dhahabu iliyotozwa Kilwa. Sisi mji uliotozwa dhahabu hiyo tunaufikia kwa basi!

Basi tupange safari. La kwanza ni msimu. Nendeni kati ya Juni na Oktoba, jua halichomi sana, njia za kisiwani ni kavu na magugu yamepungua kwenye magofu. Masika yaogopeni. Mwezi Mei 2024 mvua zilizoletwa na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara eneo la Somanga, magari yakakwama pande zote mbili, na watu wa Kusini wote wanalikumbuka. Upepo wa kusi unavuma katika miezi hiyo ninayoisifu, kwa hiyo baharini kuna mawimbi kidogo mchana. Vukeni asubuhi mapema.

Njia yenyewe ni sehemu ya ziara, msisinzie. Mkitoka Ikwiriri mnapanda Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970 juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003. Wazee wanaokumbuka kusubiri kivuko pale Ndundu, siku nyingine mchana kutwa, wanajua thamani ya daraja hilo kuliko mimi. Baada ya mto mnaingia nchi ya Majimaji. Upande wa Muhoro ndiko Wajerumani walikomnyonga Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe tarehe 4 Agosti 1905. Kisha Nyamwage, kisha Somanga ambako bahari inakaribia barabara, kisha Nangurukuru. Hapo ndipo njia inapogawanyika. Wa Lindi na Mtwara wanaendelea moja kwa moja, nyinyi mnashuka au kukata kushoto. Magari madogo ya kwenda Masoko yapo hapo njia panda.

Kilwa Masoko ni mji mdogo, mtulivu, na nyumba za wageni zipo za kila mfuko. Jambo la lazima ni kibali. Magofu yanasimamiwa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, na hakuna kuvuka bila kupita ofisini kwanza, kulipa na kupewa mwongozaji. Raia analipa kiasi kidogo kuliko mgeni wa nje. Mwongozaji msimkatae wala msimharakishe! Bila yeye utaona ukuta, pamoja naye utaona chumba cha nani, mlango wa kwenda wapi, na kwa nini nguzo hii ni mpya kuliko ile.

Kuvuka ni kwa boti ya mashine au kwa mashua ya tanga. Kwa mashine ni dakika chache. Lakini kama hakuna haraka, chukueni tanga, kwa sababu ndivyo mji huu ulivyokusudiwa kuonwa: kutoka usawa wa maji, polepole, ngome ikikua mbele yako na mikoko ikifunguka pembeni. Waulizeni manahodha saa za maji. Maji yakiwa makavu mtashuka na kutembea kwenye matope, na mwenye suruali ndefu atajuta.

Jengo la kwanza kukupokea ni Gereza, na hapa ndipo Wareno wanapoingia. Julai 1505 Francisco de Almeida alikuja na kundi la merikebu, askari wakateremka, mji ukatekwa na kuporwa, na ngome ikaanza kujengwa hapo hapo ufukweni. Wakakaa miaka 7 tu. Mwaka 1512 wakaiacha, kwa sababu biashara waliyoitaka kuishika kwa mtutu ilikuwa imewaponyoka. Kuta unazoziona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya zama za Waomani, kama karne tatu baadaye, iliyojengwa juu ya mabaki ya Wareno. Ni jengo zito, la kijeshi, lenye minara ya kona, na upande mmoja bahari imeshalila. Lipigeni picha, zungukeni ndani, lakini nawasihi msimalizie nguvu zenu hapo. Wageni wengi wanavutiwa na jina la Ureno wanasahau kwamba Ureno ni ukurasa mmoja mwembamba katika kitabu kinene. Watu walikuwa wakiishi kisiwani hapa tangu karne ya 9.

Kutoka Gereza mnapanda kidogo, mnapita chini ya mibuyu, na ghafla mko mbele ya Msikiti Mkuu. Hapa nilikosa la kusema. Upande wa kaskazini ndio mkongwe, wa karne ya 11 au 12, mdogo, uliokuwa na paa bapa. Upande wa kusini uliongezwa karne ya 14 na kujengwa tena karne ya 15, na huo ndio wa matao na kuba. Ingia katikati yake, simama, kisha geuka taratibu: kila unakogeuka nguzo zinajipanga upya, tao linaingia ndani ya tao jingine, na mwanga unashuka kutoka mahali ambapo kuba zimebomoka. Hakuna picha niliyowahi kuiona inayotenda haki kwa jengo hili. Hakuna!

Na hapa ndipo mtu wa Kibiti ana faida ambayo mtalii wa kawaida hana. Sisi tunajua boriti. Delta yetu ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki, na babu zetu walizipanga nguzo zake kwa majina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalikuja deltani kuzipakia, kwa sababu huko hakuna mti wa kuezekea. Sasa angalieni nyumba za mawe za mwambao wote, Kilwa, Songo Mnara, hata Lamu na Zanzibar. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Kwa nini? Kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka yenye nguvu haizidi sana urefu huo. Sultani awe na dhahabu kiasi gani, chumba chake kilipimwa na mti wa matopeni! Niliposimama kwenye nyumba moja ya kale na kunyoosha mikono, karibu niguse kuta zote mbili, nikajihisi nyumbani kabisa.

Ukishalijua hilo, Msikiti Mkuu unakuwa muujiza mara ya pili. Maana kuba na tao ndivyo vilivyomkomboa fundi kutoka kwenye kipimo cha boriti. Hahitaji tena mti wa kukatiza juu. Mawe na chokaa yanajibeba yenyewe, na jengo linaweza kutanuka upande wowote anaotaka. Unapotoka sehemu ya kaskazini yenye paa bapa kuingia sehemu ya kusini yenye kuba, unatembea ndani ya hatua hiyo ya ufundi kwa miguu yako. Matumbawe yenyewe yaliopolewa baharini yakiwa mabichi na laini, yakachongwa kabla hayajakauka, na mengine yakachomwa kwa kuni kupata chokaa. Msikiti Mdogo wa Kuba, hatua chache kusini-magharibi, wa karne ya 15, umebaki mzima kuliko majengo mengi ya kisiwani: kuba ya kati bado ina nguzo yake ya pembe nane inayochomoza juu, na ndani mafundi walipachika bakuli za kigeni zilizong'arishwa kwenye dari kama mapambo. Tazameni juu, msipite tu!

Makutani, ikulu kubwa iliyozungushiwa ukuta karibu na pwani, naipitia haraka. Kwa sehemu kubwa ni ya karne ya 18, zama ambazo Kilwa iliinuka tena, na ukweli usemwe: iliinuka kwa biashara ya watumwa. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa aliingia mkataba na Mfaransa aliyeitwa Morice wa kumpatia watumwa kila mwaka. Waongozaji wazuri wanalisema hilo bila kulizungukazunguka, na ni vizuri mkiwauliza, hasa mkiwa na watoto wenye umri wa kuelewa.

Sasa Husuni Kubwa! Mnatembea kuelekea mashariki, mnapita kijijini na mashambani, jua linawaka, mnaanza kujiuliza kama inafaa. Inafaa. Iko peke yake ukingoni mwa jabali, bahari chini, upepo usoni. Aliijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, na ina zaidi ya vyumba 100. Kuna ua wa kupokelea watu wenye ngazi za mawe za kukalia, kuna ua wa maghala ya bidhaa, kuna ngazi za kushukia baharini, na kuna lile bwawa la pembe nane, lenye vijipango ukutani, ambalo mpaka leo umbo lake limekamilika. Nilikaa ukingoni mwake muda mrefu. Mfalme wa Kiswahili, miaka 700 iliyopita, aliamka asubuhi akaogelea hapa akisikiliza mawimbi! Waakiolojia wanaona kwamba jumba halikumalizwa kabisa na halikukaliwa kwa muda mrefu, na hilo linaongeza mvuto wake, kwa sababu unaona ndoto ya mtu mmoja iliyozidi uwezo wa waliomfuata.

Mtu huyo tunamjua kwa jina na kwa tabia, kwa sababu Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta. Watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Ibn Battuta anasimulia jinsi fakiri mmoja kutoka Yemen alivyomsimamisha sultani baada ya swala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia msikitini, akabadili, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa kumi, na sultani akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ukarimu na utumwa katika kisa kimoja, hivyo ndivyo Kilwa ilivyokuwa, na kuisoma nusu ni kujidanganya.

Utajiri wenyewe ulitoka Sofala, ambako dhahabu ya nyanda za Zimbabwe iliteremkia pwani na Kilwa ikaishika njia yake. Mji ukapiga sarafu zake wenyewe za shaba. Sarafu yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu. Na nyingine, mtaniambia nimetia chumvi, ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia! Sarafu tano za Kilwa, mchangani, upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Zilifikaje huko wataalamu bado wanabishana.

Wapo watakaouliza mji ulikuwa wa nani. Tarikh ya Kilwa inamtaja Ali bin al-Hasan aliyekuja kutoka Shirazi na kukinunua kisiwa kwa nguo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, ukitumia mifupa ya makaburi ya mwambao pamoja na Kilwa na Songo Mnara, ulionyesha damu iliyochanganyika tangu kama mwaka 1000: mama wengi wa Kiafrika, na kwa upande wa baba asili ya Uajemi ikionekana sana. Kwa hiyo wazee wetu waliosimulia ujio wa Washirazi hawakubuni, na wanaosema mji ni wa Waafrika hawakukosea. Na kama mnadhani sisi wa Rufiji tulikuwa nje ya hadithi hii, Profesa Felix Chami alichapisha mwaka 1999 matokeo ya uchimbaji wake Mkukutu, hapa hapa kwetu, ambako shanga za Kirumi zilipatikana ardhini. Dunia ilikuwa ikija kwenye maji yetu kabla Husuni Kubwa haijawazwa.

Mkiwa na siku ya ziada na fedha ya boti ya mbali, nendeni Songo Mnara. Magofu ni ya karne ya 15 hasa, nyumba nyingi za mawe zimesimama kuzunguka viwanja vya wazi, na mpangilio wa mtaa unausoma kirahisi kuliko Kisiwani kwenyewe. Mkiwa na nusu siku tu, shukieni Kilwa Kivinje wakati wa kurudi. Nyumba za zama za Wajerumani zinaporomoka moja moja, na pale Mwembe Kinyonga panakumbukwa Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa mwaka 1895 kwa kuwapinga.

Mambo madogo ya kubeba: maji ya kutosha, kofia, viatu vilivyofungwa maana matumbawe yanakata, na mavazi ya heshima, kwa sababu mnaingia kijiji cha watu na si uwanja wa maonyesho. Agizeni chakula kisiwani kabla ya kuanza kutembea. Wali na samaki wa nazi, pweza akipatikana, mtavikuta vimeiva mkirudi, na fedha inabaki kwa akina mama wa pale. Msipande juu ya kuta, msiokote kigae hata kimoja. UNESCO iliiweka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikaitia kwenye orodha ya hatari mwaka 2004 kwa sababu ya kubomoka na kuliwa na bahari, na ikaitoa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Kazi hiyo haijaisha, na kila jiwe linaloondoka halirudi.

Hukumu yangu ni hii: katika yote niliyoyaona Tanzania, sijaona mahali panapolipa gharama ya safari kama Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu kwa siku moja. Lala Masoko usiku wa kwanza, vuka asubuhi, na usijibane kurudi jioni hiyo hiyo, kwani siku moja kamili kisiwani ni kiwango cha chini.

Walimu wa Kibiti na Rufiji, ombi langu la mwisho ni kwenu. Somo la Kilwa mnalifundisha kila mwaka ubaoni, na mji wenyewe uko wilaya ya jirani. Kaeni na kamati za shule na wazazi mapema, kodini gari likizo ya Juni, pigeni simu ofisi ya magofu Kilwa Masoko kabla hamjaondoka, na wapelekeni watoto wakalione bwawa la al-Hasan bin Sulaiman kwa macho yao.